Askari Mara Mbili

Kabla Keya haijampa kofia ya kukunjwa ukingo
Kegode alikuwa askari tayari.
Jeshi la Wokovu, kikosi cha Chavakali:
ngoma kubwa kifuani, mikono ikipishana,
na sisi watoto nyuma, tukila vumbi lake
kuteremka hadi mto Izava na kupanda tena.

Ngozi ilipopasuka aliitia kiraka cha mbuzi,
akakishona kwa sindano ya magunia.
Tangu hapo ngoma yetu ikawa na kigugumizi:
dum, dum, da—
na mama, jikoni, akijua bado hatujafika darajani.

Siku aliyoondoka siikumbuki. Nilikuwa na miaka saba.
Nakumbuka baba akimwambia,
Usiache sala. Na usilale na soksi zilizolowa.
Wakatembea hadi Kisumu, vijana kumi na wanne wa kilima kimoja,
garimoshi likawapokea.

Barua zilikuja tatu.
Ya kwanza: nimeona maji yasiyo na ng'ambo.
Ya pili: Siloni kuna chai kama ya Kericho,
ila wachumaji ukiwaamkia hawaitikii.
Ya tatu, ya Bama, mtu alikuwa ameipaka wino mweusi.
Kilichosalia: mvua. Miguu.
Napiga ngoma kwenye sufuria, Wanyasa wanaimba sauti ya pili.
Msalimieni Kageha.
Kageha ni mimi.
Nimeishi miaka themanini juu ya maneno mawili.

Ya nne haikuwa yake.
Chifu aliisoma amesimama,
akasoma jina kama lilivyoandikwa, Kigodi,
na mama akasema: basi si yeye.
Akarudi shambani, akapalilia hadi giza.
Asubuhi tuliona mistari mitatu ya mahindi
imelala pamoja na magugu.

Kapteni akaja na bendera na nguo nyeupe.
Tusilie, alisema, Kegode amepandishwa Utukufuni.
Nikafurahi, mtoto mjinga mimi,
maana katika lile jeshi lingine
hakupandishwa cheo hata kimoja.

Bibi hakuridhika.
Mtu hawezi kukosa kaburi kwao.
Usiku akaangusha mgomba, urefu wa kijana,
akauvika shati la Kegode la shule,
akaanza kuchimba nyuma ya nyumba.
Baba, sajini wa Wokovu, akatoka na taa.
Tulidhani atafoka.
Alimulika shimo kwa muda.
Ongeza, alisema. Kijana ni mrefu.

Lakini bibi aliung'oa na tunguu lake,
kwa haraka au kwa kusudi, hakuwahi kusema,
na mvua za Machi zilipokuja, kaburi likachipua.
Hakuna aliyethubutu kuukata.
Hakuna aliyethubutu kula.
Mkungu wa kwanza uliwaendea ndege, wa pili ukaozea pale pale.
Hata mwaka wa njaa mama akachukua kisu,
akamenya, akachemsha, akatugawia,
moja moja, kiganjani,
na kila aliyepokea aliambiwa jina,
sawasawa, kama linavyotamkwa kwetu.
Zilikuwa na chumvi kidogo. Tulikula hatusemi.

Sasa mmeleta ngoma mpya kutoka Nairobi.
Inang'aa. Nimeisikia, haikosei.
Mnaniuliza ile ya zamani ichomwe
au ipelekwe mjini, watu walipe kuitazama.

Nileteeni mimi.
Kuna kuku wangu mmoja mkaidi, anatafuta pa kutagia,
akiitaka mbavu zake nitamwachia.
Lakini kwanza iwekeni chini ya upenu,
upande wa migomba, matone yanapodondokea.
Msiigeuze. Kiraka kiangalie juu.
Usiku nikikosa usingizi, mvua ikija,
nitahesabu hatua za watu wanaoteremka Izava:
dum,
dum,
da—