Mashine ya Sinyora

Haikuja na karatasi yoyote. Ilikuja na mkokoteni,
Kahindi akiusukuma kutoka Casuarina hadi huku Muyeye,
na sinyora kashapanda ndege.
Mshahara wa miezi mitatu niliomdai
ndio huo, boksi la bati lenye mlango,
lisilomeza maji wala kuyatapika.

Miaka miwili tuliifanya kabati.
Juu unga, chini mchele; ukiifunga, panya hapiti.
Mume wangu akiwaonyesha wageni:
"Hii ni mashine ya kuosha vyombo. Kwetu inaosha njaa."
Wakicheka, nami nikicheka,
mikono ndani ya karai hadi viwikoni,
maana nawapikia mafundi wa mjengo, sahani arobaini kila mchana,
na vidole vyangu vilishaanza kupasuka kama tope la kiangazi.

Basi Jumapili moja nikatoa unga, nikatoa mchele,
nikailaza ubavu juu ya mkeka.
Nimezima umeme. Nikajiambia tena, kwa sauti: nimezima umeme.
Bisibisi ya nyota niliazima kwa Msanzu wa pikipiki.
Skrubu kumi na moja nikazipanga kwenye kifuniko cha sufuria
jinsi zilivyotoka,
kwa kuwa chuma hakisamehe:
wa kwanza kutoka ndiye wa mwisho kurudi.

Chini kabisa, penye pampu ya kutolea maji,
chokaa ya maji ya kisima ilikuwa imejenga nyumba na kuhamia.
Nikamimina siki, nikakamua ndimu, nikangoja.
Ikatoa povu, ikasema fyuu, ikaachia.

Kokwa mbili za zeituni.
Uzi mwekundu wa kitambaa cha meza.
Na kipande cha glasi, chembamba kama ukucha wa mtoto,
chenye ukingo wa dhahabu.

Ukingo huo naujua.
Zilikuwa glasi sita, zikabaki tano,
na Agosti ile nikakatwa shilingi mia tisa.
Niliapa. Nilimtaja mama yangu kaburini.
Sinyora akanijibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki:
"Nyevu, glasi hapana miguu."

Kweli, haina miguu.
Mashine yake ndiyo ilikuwa na meno.

Nilikaa pale sakafuni hadi chai ikapoa.
Wa kumwonyesha hayupo.

Mbarak Yeslam, stoo yake iko nyuma ya soko,
hununua maiti za majumba yaliyofungwa:
friji zisizo milango, majiko yasiyo macho.
Akaigeuza pampu yangu, akainusa.
"Panga limevunjika. Ninayo ndugu yake.
Si pacha, lakini baba mmoja."
Akataka elfu nne na mia mbili;
tukakutana kwenye elfu tatu na sinia la samaki wa kupaka.
Mpira wa mlango ukaja kwa basi kutoka Mombasa,
umejikunja ndani ya mfuko wa sukari kama nyoka aliyeshiba,
mrefu kupita kiasi kwa vidole vinne.

Pampu ile ilikuwa na sikio moja la ziada.
Nikalikata kwa kisu cha moto.
Mara ya kwanza, ilivuja.
Mara ya pili ilivuja kidogo, kwa aibu.
Mara ya tatu nikapapasa chini yake kwa kiganja
nikakuta vumbi, vumbi kavu, alhamdulillahi ya vumbi.

Ikaunguruma. Nikavuta kigoda.
Mikono yangu ikalala mapajani, haina kazi,
kama wageni wawili wasiojuana.
Kipande cha glasi kiko dirishani, ndani ya kizibo cha soda.
Sikitupi. Bei yake naijua.

Dakika ya thelathini na nane, kimya.
Giza.
Katana akapiga kelele kutoka sebuleni:
"Mama, tokeni imeisha!"

Sikuigusa. Haijaharibika.
Tumekaa naye, povu tele tumboni mwake,
kazi ameifanya nusu, anangoja alipwe.
Hilo nalijua vizuri. Namfahamu.