Maji ya Saa Mbili na Robo

Huko Perm, majira ya baridi ya mwaka themanini na tisa,
maduka hayakuwa na sabuni wala siagi,
lakini kila Jumapili usiku, saa mbili na robo,
mtu mwenye nyusi nzito alitutazama kutoka kwenye televisheni
akanyamaza.
Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kunyamaza.
Alipunga mikono kama anayepapasa swichi gizani,
na mji mzima, ghorofa kwa ghorofa,
uliweka maji mbele ya kioo yapate kutiwa nguvu.

Bibi Kapitolina aliweka mtungi wa lita tatu,
uliokuwa wa matango, bado unanuka siki.
Goti lake la kushoto lilikuwa limemfungia ndani tangu Oktoba.
Ngazi za ghorofa ya tano alizitaja
kama mtu anavyomtaja mdai wake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
mwanachama wa klabu ya fizikia, mwenye daftari la miraba.
Nilijua maji ni nini. Nilijua televisheni ni nini.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema;
nikatoa rula niipime.

Mtungi mmoja ulikaa mbele ya kioo, ukatazamwa.
Mmoja niliuficha kabatini, nyuma ya viatu vya marehemu babu.
Wa tatu niliujaza bombani asubuhi ileile.
Alama za penseli chini ya vitako, siri yangu peke yangu.
Bibi alikunywa nilichompa.
Alifumba macho kwanza.

Siku ya nne, kwa maji ya kabatini, alikunja goti.
Siku ya tisa, kwa maji ya bomba yenye kutu kidogo,
alishuka hadi kwenye sanduku la barua
akarudi na gazeti ambalo hatukuwa tumelilipia.
Niliandika: vidato themanini na vinne.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili,
mpaka penseli ikatoboa karatasi.

Basi nikamwambia. Mezani, mbele ya mama,
nikalifungua daftari kama hakimu.
Alilitazama muda mrefu, akageuza ukurasa,
akasahihisha tahajia yangu ya neno "matokeo",
akaomba sukari.
Jumatano goti likarudi.

Nielezeni sasa, nani alimtendea ubaya?
Aliyempa uongo akatembea,
au mimi niliyempa ukweli akaketi?

Ngojeni. Msinijibu kwa huruma.
Ghorofa ya pili aliishi Faina Lvovna, fundi wa kofia.
Naye alikunywa, kwa imani ileile, pengine kubwa zaidi,
akaziweka sindano zake za kisukari kwenye droo, chini ya nyuzi,
kwa kuwa mwenye nyusi alikuwa amemtazama yeye hasa.
Tulimzika Machi. Ardhi ilikuwa imeganda;
wachimbaji walichoma matairi juu yake kwanza.
Goti lilisikia.
Kongosho halikusikia.
Hilo nililiandika pia, bila mstari.

Nimeishi vya kutosha kuona wengine wakija,
wenye suti badala ya nyusi,
wakinyamaza kwa ustadi uleule,
na kila mara nauliza: mtungi wa kabatini uko wapi?
Nani aliyeweka alama, na nani anayeijua?
Swali hilo limenigharimu marafiki, na mke mmoja.
Sijaacha kuliuliza.

Lakini daftari lile lina ukurasa mtupu,
wa usiku wa kuamkia mtihani wa jometri.
Nyumba imelala. Nimesimama jikoni, peku,
nainua mitungi mmoja mmoja kwenye mwanga wa friji,
natafuta penseli.
Huu wa bomba. Huu wa kabati.
Nikaupata ule uliotazamwa.
Nikafumba macho kwanza.