Mlio wa Kizibo

Siku ya posa ya dada Sikudhani
mama alinituma kwa Mangi: katoni moja, chupa za nusu lita,
"na uangalie tarehe, usipewe zilizokaa juani."
Wageni tuliambiwa kumi. Mama akaongeza wawili wa adabu.
Wakaja kumi na sita.
Viatu vilianzia mlangoni vikaishia kwa jirani.

Sisi hapa Kigogo maji yetu ni ya bomba.
Hutoka Jumanne na Ijumaa, saa tisa za usiku,
na kabla ya kutoka bomba hukohoa:
upepo kwanza, kisha kutu, kisha yenyewe.
Mama huamshwa na kikohozi kile kama mtu anayeuguza.
Hukinga, huyaacha yatue, huyachuja kwa kipande cha kanga,
huyachemsha mpaka gunia la mkaa lilalamike,
ndipo huyamimina mtungini
alikokwisha kufukiza ubani.
Mwaka wa kipindupindu nyumba tatu za mtaa wetu zilitoa maiti;
yetu ilitoa majivu tu.
Kwa hiyo bomba silitetei. Namtetea mama.

Basi, kumi na sita, na chupa kumi na mbili.
Mama akanitazama, akatazama uvunguni,
kwenye chupa tupu za Idi alizoziosha na kuzianika.
Hakusema neno. Alielekeza kidevu kwenye mtungi.
Nikajaza nne. Nikakaza vizibo mpaka kiganja kikauma.

Sebuleni heshima ina mlio wake.
Trak: mshenga.
Trak: baba mdogo wa mposaji.
Trak, trak, ikazunguka mkeka mzima
hadi kwa shangazi yao, Bi Mwanakheri wa Mbezi,
mwenye leso maalumu ya kufutia mdomo wa chupa.
Akazungusha kizibo.
Kimya.
Kilifunguka kama mlango usio na komeo.

Akanitazama. Mimi nikatazama feni.
Akapeleka chupa puani, na ubani, bila shaka, ukamwamkia.
Akanywa. Akanywa tena, mpaka plastiki ikabonyea mashavu.
Nami nasubiri posa ivunjike kwa nusu lita.
"Mwanangu," akasema, "mna nyingine ya kampuni hii?"

Sasa dada anakaa Mbezi.
Jikoni kwake kuna mtambo mweupe
uliojitwika dumu la lita kumi na nane, shingo chini:
bonyeza bluu, baridi; bonyeza nyekundu, moto.
Akija kwetu, hata shikamoo haijamtoka,
keshachukua kata, keshainamia mtungi.
Mama hujifanya kukasirika.

Masika yaliyopita Msimbazi ulipanda mpaka dirishani,
ukaturudishia kila kilichowahi kunywewa mjini:
chupa juu ya magodoro, chupa ndani ya sufuria,
chupa kwenye droo ya vyeti, sijui ziliingiaje.
Nyingi zilikuwa na vizibo vyake, vimekazwa barabara,
ndani hamna kitu ila pumzi ya mtu nisiyemjua.
Mtungi ulipasuka. Bomba likatapika tope siku tisa.
Tukaenda kwa Mangi, naye amehamishia duka juu ya meza,
tukanunua katoni kwa bei ya msiba,
na hatukunung'unika, maana kiu haina itikadi.

Mama alifungua ya kwanza. Trak.
Akanusa, akaonja, akanipa.
Akasema yana ladha ya boksi.
Kisha akaisubiri niimalize,
akaichukua, akaiosha kwa maji ya chupa nyingine (nilimwona!),
akaianika ukutani penye alama ya mto.

Usiku wa kumi, saa tisa, bomba likakohoa.
Nikamsikia gizani, akipapasa ndara zake.