Mbegu za Ukwaju

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha uani, Wete,
nyuma ya duka la Asaa la vipuri vya pikipiki.
Meza: mlango mkuukuu juu ya matofali.
Viti viwili, na cha tatu ndoo iliyofudikizwa.
Umeme ukikatika tuliandika mpaka betri zife,
kisha tukapiga soga za utajiri.

Shaame alikuwa na maneno, mimi nina msimbo.
Alichapisha kadi: yeye Mkurugenzi Mtendaji,
mimi Mkuu wa Teknolojia,
na teknolojia yenyewe laptopu ya mkopo
isiyo na kitufe cha K.
Jaribu kuandika Kiswahili bila K.
Karafuu, kazi, kesho:
herufi moja moja nilinakili, nikabandika.

Wazo lilikuwa dogo, na zuri.
Mchumaji ashuke na pakacha lake,
mwenye shamba apime, abonyeze simu,
hesabu ikae, isifutwe na mvua wala na mtu.
Daftari huliwa na mchwa. Daftari huzua ugomvi.
Seva, tulisema, haigombani.

Mwezi wa kwanza mashamba matatu, Mtambwe.
Wa pili, tisa.
Tukaitwa Unguja, ukumbi wa baridi ya kupuliza,
tukashinda hundi ya kadibodi pana kama jamvi.
Kwenye boti ya kurudi
nusura itozwe nauli.

Bi Mize hakubisha hodi.
"Wewe ndiye mwenye simu?"
Akafungua pembe ya kanga: mbegu za ukwaju,
mafungu mafungu, kila mbegu kibaba.
"Jumatatu nalichuma pishi nane na vibaba vitatu.
Simu yako yasema nane.
Jumanne saba na kimoja. Yasema saba.
Vibaba vyangu vyenda wapi?"

Nikamjibu kwa sauti ya ile kadi:
"Mfumo haukosei, bibi."
Akaketi juu ya ndoo.
"Basi nangoja."

Nikafungua msimbo kwa ubishi tu.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Pale, usiku mmoja, macho yamejaa usingizi,
nilikuwa nimeandika kwamba pishi ni namba nzima.
Kinachozidi kikatwe.
Sikuiba. Nilifupisha.

Haba na haba, tulifundishwa skuli, hujaza kibaba.
Hatukufundishwa kikishajaa
humwagwa na nani.

Wachumaji sitini na wanane, siku thelathini na moja:
pishi mia saba na arubaini
zilizodondoka baina ya namba na namba.

Shaame akasema turekebishe kimyakimya, kuanzia kesho.
Akasema mwekezaji anakuja Alkhamisi.
Akasema, na hapa ndipo tulipoachana,
"Ni robo tu."

Pesa za hundi zilikwenda Mtambwe, mkono kwa mkono.
Hazikutosha. Niliuza pikipiki.
Shaame yuko Dar, ana kadi nzito zaidi.
Hupeana salamu za Idi.

Mwaka jana nilisailiwa kwa video, kampuni kubwa.
"Mfumo mkubwa kabisa uliowahi kuujenga?"
Walitaka mamilioni. Nikawapa kibaba.
Mmoja akatazama saa.
Mwengine, mwanamama wa miwani, akaweka kalamu chini:
"Na zile mbegu? Zilikuwa sahihi?"

Zilikuwa sahihi, nikamwambia, ila moja.
Simu za mashambani zilikuwa bado zimetunza vipimo;
nilipojumlisha upya, robo na nusu zote ndani,
Bi Mize alitokea amejipunja kibaba kimoja.
Nikampa pesa yake. Akaikataa.
Akakaa juu ya ndoo, kimya, anaitafuta siku.
Asaa akafunga duka. Adhana ya magharibi ikapita.

"Ile siku ya mvua," akasema hatimaye. "Kweli."
Akaomba mbegu moja.
Sikuwa nayo. Nikampa kitufe cha laptopu,
herufi yoyote, iliyokwisha kulegea,
akaifunga pembeni pamoja na nyengine.