Hesabu ya Ndoo

Baba hajawahi kuhesabu kwa shilingi.
Daftari lake, lile la jalada la kijani lililogandwa na nta,
lina safu mbili tu: ndoo zilizotoka, ndoo zilizoingia.
Shahada yangu ya uzamili, usanifu majengo,
imeandikwa humo kama kila kitu cha kwetu Ipuli,
kati ya mabati ya jikoni na mahari ya kaka Mhoja:

ada, miaka miwili, ndoo hamsini na sita.
Kompyuta, kumi na mbili.
Chumba cha Dar, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, kumi na sita.
Chakula hakukiandika.
"Mtu hula popote," alisema.

Ndoo themanini na nne za asali.
Mwaka wa pili mitundu haikuchanua,
akauza mizinga ishirini ikiwa na nyuki wake ndani,
ikabebwa usiku kwenda Sikonge, midomo imezibwa kwa majani.
Mimi usiku huo nilikuwa nachora jumba la makumbusho
la mji ambao haupo.

Nimerudi. Sasa naandika safu ya pili.

Bwana Nasibu wa Isevya anataka vyumba vitatu na sebule.
Namtajia laki tatu. Anajishika shingo.
"Dada, kwa mistari hii? Nyuki wanajenga, wana shahada?"
Nyuki, nikamwambia, hawaombi kibali halmashauri.
Akacheka, akalipa. Ndoo mbili.
Moja ikapanda basi kwenda kwa mwenye muhuri, Mwanza,
kwa kuwa mimi bado sijasajiliwa,
naye hajapata kuiona hata moja
kati ya nyumba anazozigongea.

Fundi Lutonja huishika karatasi yangu juu chini,
huikunja, huiweka mfuko wa nyuma,
kisha huenda zake na kamba na vigingi. Hulipwa ndoo saba.
Simwonei wivu.
Namwonea.
Lakini juzi alinipigia saa tatu usiku: "Injinia"
(mimi si injinia, nimechoka kusema)
"huu ukuta wa magharibi umeunyima dirisha kwa nini?"
Nikamweleza jua la Oktoba, kitanda cha mtoto,
jinsi tofali linavyokunywa joto mchana
na kulitapika watu wakilala.
Dakika arobaini. Akanyamaza, kisha: "Basi na kwangu nitaziba."
Hizo niziandike wapi? Daftari halina safu yake.

Miaka miwili, nyumba kumi na tisa, ndoo kumi na tisa.
Zimebaki sitini na tano,
nisipokula popote.

Mwezi uliopita nikapata zahanati, ndogo, ya kijijini,
yenye baraza la kungojea ambalo nililipigania vikao vitatu.
Kwa malipo yale nikanunua mzinga mmoja wa mninga.
Baba akautundika mwenyewe, magoti yakimlia,
akashuka, akafungua daftari, akaandika kwa penseli:
mzinga mmoja, umerudi.

Akaitazama ile kauli.
Akalamba kidole, akafuta neno la mwisho,
akaandika: umetundikwa.

"Bado hauna nyuki," akasema,
akanipa penseli niishike
wakati anafunga kamba ya daftari.