Deni la Alhamisi

Kati ya duka la kufulia nguo na kliniki ya meno,
pale ambapo mji wa Parma unaishiwa na maneno
na kubaki maegesho, chumvi ya barabarani, theluji iliyosawijika,
kuna mlango wa kioo wenye kengele iliyopotewa na sauti.
Ukiusukuma, unakohoa tu.
Ndani: meza sita, kaunta ya viti vitano,
na paka wa plastiki anayepunga mkono
kama mtu aliyesahau anamuaga nani.

Mimi ni fundi bomba. Orest, wa mtaa wa nyuma,
mjukuu wa watu wa kabichi na viazi,
niliyezoea kusema samaki mbichi ni haki ya paka.
Januari ile bomba la jikoni kwao lilipasuka kwa baridi,
maji yakatembea hadi chini ya friza,
na Bwana Hirabayashi akanipigia simu saa tano usiku,
Kiingereza chake kimelowa hadi magotini.
Tulitoka huko kumekucha.
Niliandika hesabu yangu. Akaisoma mara mbili,
akafuta mikono iliyokwisha kukauka.
"Nusu leo," akasema. "Nusu utakula. Kila Alhamisi."

Ndivyo nilivyopewa kiti cha mwisho, ubavuni mwa ukuta.
Nilifundishwa kuwa taulo ya moto si ya kufuta shingo,
nami nilikuwa nimeshafika mgongoni.
Wasabi niliimeza bonge zima nikidhani ni parachichi;
marehemu wote wa ukoo wakapita wakinisalimu,
mmoja mmoja, bila haraka.
Bi Setsuko kwenye mashine ya pesa akageukia ukutani,
mabega yakimtikisika.

Kisu kile hakikati, kinabembeleza.
Jodari anaachana mwenyewe kwa mwenyewe,
mwekundu kama ulimi wa mtoto aliyemaliza peremende.
Wali una siki kidogo, una joto la kiganja,
na Hirabayashi akishauweka mbele yako husema, "Sasa."
Si baada ya hadithi yako. Si baada ya picha.
Sasa.
Nikala mkunga aliyepakwa mchuzi mtamu.
Nikala pweza, akabishana na meno yangu, akashinda.
Kutafuna kwangu ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu;
naye alisikia kila neno.

Mimi sikuhesabu. Yeye alihesabu,
vistari vya penseli nyuma ya kalenda ya muuza samaki.
Alhamisi moja akaitungua msumarini,
akaniwekea pale sahani inapokaa.
Hamsini na viwili.
"Imekwisha," akasema, akainama.

Husemwa dawa ya deni ni kulipa.
Hakuna anayesema aliyepona aende wapi
Alhamisi, saa moja jioni, mke amehamia Tucson,
na televisheni inaongea na kochi.
Ningeweza kwenda kula kwa pesa zangu, najua.
Nilifika hadi maegesho, mara mbili,
nikakaa ndani ya gari injini ikiunguruma,
nikimtazama paka akipunga.
Kuna mlango ukizoea kuuingia kwa haki
huwezi kuuingia kwa pochi.

Wiki ya tatu simu ikalia. Bomba linavuja.
Nikajilaza chini ya sinki, tochi mdomoni.
Nati imelegea. Si kutu. Si baridi.
Mikwaruzo mipya, mingi, myembamba,
ya mtu aliyeshika spana kama anavyoshika kisu,
kwa upole mno, akajaribu, akakosa, akajaribu.
Kando ya sikio langu viatu vyake vya mpira
vilisimama, havisogei.

Nilikaza robo mzunguko. Kazi ya dakika moja.
Nikabaki chini pale dakika arobaini,
nikigonga chuma mara moja moja, kwa heshima.

"Ni kubwa?" akauliza.

"Kubwa sana," nikasema.

Juu yangu maji yakafunguliwa;
alikuwa ameanza kuosha mchele.