Kubangua

Ndugu fundi wa Osaka, jina lako silijui.
Nililiona likipanda mwisho wa gemu, kati ya majina mia tatu,
kwa mwandiko ambao sijui hata herufi moja.
Mimi ni Somoe Chingwile, karani wa chama cha msingi, Naliendele.
Napima korosho. Naandika stakabadhi.
Msimu ukiisha kompyuta ya ofisi haina kazi,
na haya ninayokueleza, mwenyekiti asiyasikie.

Kaka yangu Fakihi aliianza gemu yenu darasa la sita,
kwenye banda la Litunu, Chikongola,
shilingi mia mbili nusu saa,
mashine imefungwa mnyororo kwenye mguu wa meza
kama mbuzi wa mnadani.
Nusu saa kwa nusu saa akavuka msitu, akanunua upanga,
akafika darajani.
Litunu akahamia Tunduru na mashine yake,
shujaa wetu akiwa ndani.

Miaka kumi na moja.
Fakihi akaota ndevu, akaoa, akaacha,
na bado mara mojamoja, tonge mkononi, husema:
"Sijui ng'ambo ya daraja kuna nini."

Mwaka huu mmeileta kwenye kompyuta.
Nataka kukuuliza kwa nini, ingawa majibu ninayo.
Fakihi anasema ni hela tu:
hadithi moja inalisha wachoraji, wapiga vinanda, wake zao,
na soko la wenye mashine halitoshi kuwalipa wote.
Simbishii. Nimekaa na wanunuzi wa mnada,
bei haijawahi kupanda kwa huruma.

Ila mimi ni mtu wa korosho, nafikiri kwa korosho.
Tunapakia bandarini magunia, maganda na yote,
wanabangua wengine, mbali,
kisha tunaikuta dukani kwenye pakiti inayong'aa,
bei ya kutufukuza.
Mashine yenu ilikuwa ganda.
Safari hii mmebangua wenyewe. Vidole havikuwaungua?
Bibi yangu alibangua kwa mkono mpaka alama za vidole zikafutika;
siku ya kujiandikisha kura, mashine haikumtambua kuwa mtu.

Tena hamkumaliza, nikwambie kweli.
Kioo kinaniagiza, "Bonyeza pembetatu."
Kibodi yangu haina pembetatu.
Nilibonyeza usiku kucha. Ilikuwa herufi F.

Lakini kuna kitu mmeongeza, na sijui nani alikiwaza.
Zamani kuhifadhi safari ilikuwa kisimani tu,
na kwetu umeme haungoji shujaa afike kisimani.
Gesi inachimbwa hapahapa, inatupita kwenye bomba kwenda Dar,
sisi tunatafuta kiberiti.
Sasa nahifadhi popote, hata upanga ukiwa hewani.
Kuna mtu ofisini kwenu amewahi kukaa gizani?

Tulianza upya, mwanzo kabisa. Juzi tukavuka.
Fakihi alishika kipanya kwa mikono miwili, kama kifaranga.
Mama amekaa juu ya magunia matupu,
namtafsiria kwa Kimakonde kila kinachosemwa.
Ng'ambo kulikuwa na nyumba ya wageni,
mwenyewe kikongwe mmoja, anadai sarafu kumi ndipo ulale.
"Mtu kasimama darajani miaka kumi na moja," Mama akasema,
"halafu analipishwa kitanda? Mwambie huyo bibi aone haya."
Fakihi akalipa. Hakusema neno.
Akamlaza shujaa, akakitazama kioo cheusi
mpaka kukapambazuka mle ndani.

Jumatatu tunaanza kupokea korosho, kompyuta inarudi kazini.
Ukipata nafasi nijibu moja tu, Mama ananisumbua:
yule bibi wa nyumba ya wageni,
mlimpa jina?